Ofisi Katikati ya Jiji: Kwa Nini Ghorofa Hukaa Wazi Huku Wengine Wakikosa Chumba

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MTU anayevuka kwa kivuko kutoka Kigamboni kwenda Magogoni huona mbele yake safu ya majengo marefu yaliyojipanga kando ya bandari ya Dar es Salaam. Mengi ya majengo hayo hayakuwapo miaka 25 iliyopita. Ndani yake zimo benki, kampuni za bima, ofisi za mawakili, taasisi za umma na mashirika ya kimataifa. Zimo pia ghorofa zilizochelewa kupata wapangaji, ilhali mwendo mfupi kutoka hapo wapo mawakala wa forodha na wahasibu wanaogawana chumba kimoja kwa kukosa ofisi wanayoimudu.

Hali hiyo huwashangaza wananchi wengi, kwa kuwa hudhaniwa kuwa penye wahitaji na penye majengo hapawezi kukosa mpangaji. Makala haya yanaeleza namna ugavi na mahitaji ya ofisi vinavyokwenda katika jiji linalokua, mambo yaliyozifikisha Dar es Salaam na Dodoma hapo zilipo, na sababu ya suala hili kumgusa hata mwananchi ambaye hajawahi kupanga ofisi maishani mwake.

Jiji linalokua, kitovu kisichotanuka

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na watu 5,383,728 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni 1 katika kipindi cha miaka 10. Hata hivyo, eneo ambalo wakazi huliita Posta, lenye mitaa ya Samora, Azikiwe, Ohio na Sokoine, halijaongezeka ukubwa. Upande mmoja limezuiwa na bandari, upande mwingine na Bahari ya Hindi, na upande wa bara linapakana na maeneo yaliyokwishajengwa ya Upanga, Kisutu na Kariakoo.

Kwa sababu hiyo, nafasi mpya ya ofisi katikati ya jiji hupatikana kwa njia moja kubwa, nayo ni kubomoa jengo la ghorofa chache na kujenga refu mahali pake. Ndivyo ilivyoanza kutokea kwa kasi kuanzia miaka ya 2000, uchumi ulipokua na benki na kampuni za simu zilipoongezeka. Majengo ya ghorofa zaidi ya 30, yakiwamo minara pacha iliyojengwa na uliokuwa Mfuko wa PSPF na jengo la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, yalibadilisha sura ya jiji kati ya mwaka 2010 na 2020.

Ugavi huenda kwa miaka, mahitaji kwa siku

Soko la ofisi hutofautiana na soko la bidhaa nyingine kwa jambo moja la msingi, ambalo ni muda. Mahindi yakipanda bei, mkulima anaweza kuongeza eka msimu unaofuata. Jengo refu la ofisi huhitaji kiwanja chenye hati, michoro, kibali cha ujenzi, fedha, mkandarasi, kisha miaka mitatu hadi mitano ya ujenzi, na mara nyingine zaidi. Anayeamua kujenga leo hutazama pango la leo, lakini atakayempangisha ni mpangaji wa miaka mitano ijayo.

Ugumu huongezeka kwa kuwa wenye viwanja huona ishara ile ile kwa wakati mmoja. Pango linapopanda, wengi huanza kujenga kwa pamoja, kila mmoja akihesabu mahitaji yote kana kwamba yeye ndiye mjenzi pekee. Majengo hayo hukamilika kwa kupishana miezi michache tu, na nafasi iliyokuwa adimu hugeuka kuwa nyingi kuliko wapangaji. Pango hushuka, ujenzi husimama, na baada ya miaka kadhaa uhaba hurejea. Mzunguko huu umeonekana katika miji mingi duniani na hauna uhusiano na uzembe wa mtu mmoja.

Mahitaji, kwa upande wake, yanaweza kubadilika kwa siku moja. Benki mbili zikiungana, makao makuu mawili huwa moja. Mradi wa wafadhili ukifika mwisho, ofisi yake hufungwa. Serikali ikihamisha wizara, ghorofa nzima huachwa. Jengo, lakini, hubaki pale pale lilipojengwa.

Wenye majengo ni akina nani

Historia ya umiliki wa majengo katikati ya Dar es Salaam inasaidia kueleza hali ya sasa. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 iliyaweka majengo mengi ya kupangisha mikononi mwa umma chini ya Msajili wa Majengo. Mwaka 1990 majukumu ya Msajili yaliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962. Ndiyo maana hadi leo NHC ni mwenye nyumba wa majengo mengi ya zamani ya Posta, Kisutu na Upanga, na sera yake ya ubia inawaalika wawekezaji kushirikiana nalo kuendeleza viwanja hivyo.

Kundi la pili ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Michango ya wanachama hukaa miaka mingi kabla ya kulipwa kama mafao, hivyo mifuko hutafuta vitega uchumi vya muda mrefu, na majengo ni mojawapo. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), na NSSF ikabaki kuhudumia sekta binafsi. Majengo ya mifuko iliyounganishwa yalihamia kwenye mfuko mpya pamoja na wapangaji wake na nafasi zake zilizo wazi.

Lipo pia kundi la kampuni na watu binafsi, na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), ulioanzishwa mwaka 2002 kusimamia majengo ya Serikali.

Kutokana na umiliki huo, mwalimu wa Songea au muuguzi wa Kigoma, ambaye hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake huku mwajiri akimchangia asilimia 15 katika PSSSF, ana sehemu yake katika majengo ya Posta hata kama hajawahi kuyaona. Pango likilipwa, fedha huongeza uwezo wa mfuko wake. Ghorofa ikikaa wazi, hasara inamhusu.

Hesabu ya ghorofa iliyo wazi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Chukua jengo la ghorofa 20, kila ghorofa ikiwa na mita za mraba 600, jumla mita za mraba 12,000. Sehemu ya eneo hilo huchukuliwa na lifti, ngazi, vyoo na korido. Ikiwa sehemu hiyo ni asilimia 15, eneo linaloweza kupangishwa ni mita za mraba 10,200. Jengo likiwa limepangishwa kwa asilimia 70, mita za mraba 3,060 hukaa wazi. Pango likiwa Sh. 30,000 kwa mita ya mraba kwa mwezi, mapato yanayokosekana ni Sh. 91,800,000 kila mwezi, sawa na Sh. 1,101,600,000 kwa mwaka.

Wakati huo huo gharama hazipungui kwa kiwango hicho. Lifti lazima zifanyiwe matengenezo, walinzi lazima walipwe, jenereta na pampu za maji lazima ziwe tayari, na kodi ya majengo hulipwa bila kujali idadi ya wapangaji. Jengo lililojengwa kwa mkopo huendelea pia kulipa riba.

Kwa sababu hiyo, taarifa za ukaguzi za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikigusia majengo ya umma yenye wapangaji pungufu. Taarifa hizo huwasilishwa bungeni kila mwaka na baada ya hapo huwa wazi kwa umma. Mwanachama wa mfuko anayo haki ya kuzisoma na kuuliza.

Serikali kuhamia Dodoma

Hakuna uamuzi uliogusa mahitaji ya ofisi nchini kuliko ule wa kuhamishia Makao Makuu ya Nchi Dodoma. Uamuzi wenyewe ulifanywa na chama cha TANU mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka 40 utekelezaji ulikwenda taratibu, na wajenzi wa Dar es Salaam waliendelea kuihesabu Serikali kuwa mpangaji wao wa kudumu.

Julai 2016 Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Magufuli, alitangaza kuwa Serikali yote itahamia Dodoma ndani ya kipindi chake. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alihamia Septemba mwaka huo, na aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alihamia Desemba 2017. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo Aprili 26, 2018 ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya Nchi, na Aprili 2019 Mji wa Serikali Mtumba ulizinduliwa.

Kwa Dar es Salaam, tangazo hilo lilikuja wakati majengo yaliyoanzishwa miaka ya nyuma yakikamilika. Wizara ziliondoka, na baadhi ya washauri, wazabuni na taasisi zilizokuwa zikikaa karibu na wizara zikapunguza nafasi zao. Benki, bima, kampuni za meli, mawakala wa forodha na balozi nyingi zilibaki, kwa kuwa bandari na soko kubwa la biashara havikuhama.

Kwa Dodoma, hali ilikuwa kinyume. Watumishi walifika kabla ya ofisi kujengwa, na baadhi ya wizara zilianza kazi katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Idadi ya wakazi wa Dodoma Mjini iliongezeka kutoka 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 mwaka 2022. Mahitaji ya vyumba vya biashara na ofisi ndogo yalipanda mjini, wakati ofisi za wizara zikijengwa Mtumba, takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji.

Kwa hiyo uamuzi mmoja ulizaa nafasi ya ziada upande mmoja na uhaba upande mwingine kwa wakati mmoja, wala ghorofa ya Posta haiwezi kusafirishwa kwenda Mtumba. Somo lililopo kwa wapangaji wa mipango ya umma ni kuwa ratiba ya kuhamisha taasisi na ratiba ya kujenga majengo hazina budi kusomwa pamoja.

Wapangaji kuhama katikati ya jiji

Sababu nyingine ni kusogea kwa biashara zenyewe. Kampuni nyingi zimeondoka Posta na kufuata barabara za Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo kuelekea Oysterbay, Masaki, Morocco na Mikocheni. Huko hupata maegesho ya magari, ofisi za ghorofa chache, na ukaribu na makazi ya viongozi wa kampuni. Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022, limefupisha mwendo kati ya maeneo hayo na katikati ya jiji, hivyo mteja wa Posta hufikika bila kupanga Posta.

Baadhi ya kampuni hizo zimeingia katika nyumba za makazi zilizogeuzwa ofisi. Ni vyema ikumbukwe kuwa, chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Ofisi isiyo na kibali hicho humweka mpangaji katika hatari ya kusimamishiwa shughuli akiwa amekwishalipa pango.

Jirani zetu wa Nairobi walipitia njia hiyo mapema. Kampuni nyingi zilihama katikati ya jiji lile kwenda Upper Hill na Westlands, majengo mapya yakajengwa huko kwa wingi hadi kuzidi wapangaji, na sehemu ya majengo ya zamani ya katikati ikagawanywa kuwa vyumba vidogo vya wafanyabiashara. Kugawanywa huko kulirejesha wapangaji katika majengo ambayo kampuni kubwa zilikuwa zimeyaacha.

Kwa upande mwingine, yapo yanayovuta watu kurudi Posta. Mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma kati ya Kimara na Kivukoni Mei 2016. Mfanyakazi asiye na gari huiona ofisi iliyo karibu na kituo kuwa bora kuliko ya Masaki. Treni ya kisasa ya reli ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imemwezesha mtu kwenda Dodoma na kurudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo, hivyo kampuni inaweza kuihudumia wizara bila kuwa na ofisi kubwa katika miji yote miwili.

Huduma za mtandao nazo zimepunguza eneo ambalo kila mfanyakazi anahitaji. Usajili wa kampuni kupitia BRELA, ulipaji wa kodi na mawasiliano mengi ya Serikali sasa hufanyika kwa mifumo ya kielektroniki. Chumba kilichojaa majalada kimekuwa kompyuta moja juu ya meza.

Pango kwa shilingi

Kwa miaka mingi ofisi za daraja la juu Dar es Salaam zilipangishwa kwa dola za Marekani. Mwenye jengo alijikinga na kushuka kwa shilingi, lakini mpangaji anayeuza huduma kwa shilingi ndiye aliyebeba mzigo. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotangazwa Machi mwaka huo, zinakataza kutaja au kupokea bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa kwa miamala iliyoainishwa.

Kanuni hizo zimempa mpangaji mdogo nafasi ya kupanga matumizi yake kwa uhakika zaidi. Kwa mwenye jengo aliyekopa kwa dola, zimehamisha hatari ya mabadiliko ya thamani ya fedha kwenda kwake, jambo linalotakiwa kuzingatiwa kabla ya kuanzisha jengo jipya.

Kwa nini wahitaji hukosa

Turejee kwenye swali la mwanzo. Mahitaji makubwa ya sasa hayatoki kwa kampuni inayotaka ghorofa tatu. Yanatoka kwa wakili kijana, mhasibu mwenye wasaidizi wawili, wakala wa forodha, kampuni changa ya teknolojia. Huyo anahitaji mita za mraba 15 hadi 40, mkataba wa mwaka mmoja, na pango la mwezi au miezi mitatu. Jengo refu limejengwa kwa ajili ya mpangaji wa mita za mraba 600, mkataba wa miaka kadhaa, na mita moja ya umeme kwa ghorofa nzima. Wawili hao hawawezi kukutana hadi mmoja wao abadilike, na ni rahisi zaidi jengo kubadilika.

Njia zinazotumika ni kugawa ghorofa kuwa vyumba vidogo vyenye mita zake za umeme, kuanzisha ofisi za pamoja ambapo mpangaji hulipia meza na chumba cha mikutano anapokihitaji, na kuuza sehemu za jengo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kugeuza ofisi kuwa makazi au hoteli pia kunawezekana, ingawa ghorofa pana yenye vyoo mahali pamoja na madirisha yasiyofunguka hudai gharama kubwa ya mabomba na hewa.

Wapo wenye majengo wanaosita kugawa ghorofa kwa hofu ya usumbufu wa kukusanya pango kwa wapangaji 20 badala ya mmoja. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mpangaji mmoja akiondoka ghorofa yote hubaki wazi, na kati ya 20 akiondoka mmoja, 19 hubaki.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanga ofisi

Mwananchi anayetafuta ofisi katikati ya jiji anashauriwa:

1. Kuuliza eneo linalotozwa pango ni lile analolitumia yeye peke yake, au linajumuisha sehemu ya korido na lifti.

2. Kupata kwa maandishi kiasi cha ada ya huduma, na kujua kama inahusisha usafi, ulinzi, maji na mafuta ya jenereta.

3. Kuhakikisha mkataba umeandikwa kwa shilingi na unaeleza pango litaongezeka lini na kwa kiasi gani.

4. Kukumbuka kuwa mpangaji wa biashara hutakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango analomlipa mwenye jengo mkaazi na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na kwamba mkataba hulipiwa ushuru wa stempu.

5. Kuthibitisha kuwa jengo lina kibali cha matumizi ya ofisi na njia za kutokea wakati wa moto.

6. Kujadiliana. Palipo na ghorofa zilizo wazi, mwenye jengo anaweza asipunguze pango lililotangazwa lakini akakubali miezi ya mwanzo bila malipo au kugharimia ukarabati.

Miji ya Tanzania itaendelea kukua, na Mwanza, Arusha na Mbeya zitafikia maamuzi ambayo Dar es Salaam na Dodoma zimekwishayapitia. Kabla ya mnara mpya kuanza kuchimbiwa msingi kwa fedha ya umma, swali la kwanza liwe ni nani atakayeingia siku utakapokamilika, na swali hilo lijibiwe kwa majina na mita za mraba za wapangaji waliokwishaonesha nia. Fedha inayojenga mnara huo ni ya mtumishi ambaye siku moja atastaafu na kuhitaji mafao yake kwa wakati.